Picha za nyota zinazoharibika: kutafuta chanzo kabla ya kununua kifaa kingine, kwa wanaoanza Mombasa

Anayeanza kupiga picha za anga kwa kamera ya mtumba au kwa simu hukutana na picha mbovu tangu usiku wa kwanza, na mara nyingi lawama zote hukiangukia kifaa. Lawama hizo kwa kawaida si za haki. Kamera ya DSLR ya zaidi ya miaka kumi iliyopita, lenzi ya milimita 50 yenye tundu la f/1.8 (tundu ni uwazi unaopitisha mwanga; namba ya f ikiwa ndogo, uwazi ni mkubwa) na tripodi iliyo imara vinatosha kunasa Njia Nyeupe, Mawingu ya Magellan (galaksi mbili ndogo za anga la kusini) na nebula, yaani wingu la gesi, iliyo katika upanga wa Jabari (Orion). Kinachowashinda wengi hapa Mombasa ni hali tatu za mahali penyewe: unyevu wa hewa ya bahari, taa za mji, na kasi ambayo nyota huonekana kwenda nayo karibu na ikweta. Hakuna hata moja kati ya hizo inayoondoka kwa kununua kamera ghali zaidi.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuisoma picha. Weka kamera kwenye hali ya mkono, yaani M, hifadhi faili ghafi za RAW badala ya JPEG, chagua ISO 1600 (ISO ni kipimo cha jinsi kamera inavyoukuza mwanga inaoupokea), fungua shata, yaani pazia la kamera, kwa sekunde 5, kisha piga picha kumi mfululizo bila kuigusa tripodi. Zikuze kwenye kompyuta hadi uone pikseli moja moja, na ujiulize mambo matatu. Je, nyota za katikati zina umbo sawa na za pembeni? Kama zimevutika, zote zimevutika kuelekea upande mmoja? Je, kasoro ilikuwapo tangu picha ya kwanza, au ilikuja polepole? Majibu hayo yanakuelekeza kwenye sehemu inayokuhusu hapa chini, na yanakuepusha na tabia ya kubadili mambo matano kwa pamoja, ambayo humwacha mtu asijue ni lipi lililosaidia.

Nyota zote ni vidoa vinene au visahani, katikati na pembeni, tangu picha ya kwanza

Hii ni fokasi mbovu, yaani lenzi haijarekebishwa ili nyota zionekane kali. Kamera haiwezi kujitafutia fokasi gizani, na alama ya umbali usio na mwisho iliyochorwa kwenye lenzi haiaminiki. Lenzi nyingi za bei nafuu za milimita 18 hadi 55 hata alama hiyo hazina. Zima fokasi ya kujiendesha, elekeza kamera kwenye nyota angavu kama Shira (Sirius) au Suheli (Canopus), washa skrini ya nyuma na uikuze picha mara kumi, kisha zungusha pete polepole sana hadi nyota iwe nukta ndogo kuliko zote unazoweza kupata. Pitiliza kidogo kwa makusudi, halafu rudi, ili uwe na hakika kwamba umeipita ile nukta ndogo kuliko zote na kuirudia. Nyota yenye ukingo wa zambarau au mwekundu inakuambia kwamba umekaribia lakini hujafika. Ukishafika, bandika pete kwa tepu ya karatasi, ile ya mafundi wa rangi, kwa sababu mkono utaigusa tu utakapokuwa unahamisha kamera.

Kwa lenzi ndefu, kuanzia milimita 135 hivi, kinyago cha Bahtinov husaidia sana. Pavel Bahtinov wa Urusi alikibuni mwaka 2005: ni karatasi ngumu iliyokatwa mistari ya pande tatu, ambayo ikiwekwa mbele ya lenzi huifanya nyota itoe miale mitatu, na mwale wa kati ukikaa sawasawa katikati ya ile miwili, fokasi imetimia. Unaweza kukikata mwenyewe kwa karatasi ya manila na wembe mkali.

Fokasi huhama kadiri lenzi inavyobadilika joto. Ikague tena baada ya nusu saa ya kwanza, hasa kama kamera ilitoka ndani ya gari au chumba chenye kiyoyozi.

Nyota zimevutika kuwa vistari

Kabla ya jambo lolote, tazama namna vistari vilivyokaa. Vistari vilivyonyooka, vyote vya urefu unaokaribiana na vya upande mmoja, ni mzunguko wa dunia. Vistari vyenye kikulabu au mkunjo, vinavyofanana kwa kila nyota hadi kwenye ule mkunjo, ni mtikisiko wa kamera. Vinavyoonekana kwenye kona tu, vikielekea nje ya picha kama mbawa, ni udhaifu wa lenzi, na hivyo hupungua ukibana tundu kutoka f/1.8 hadi f/2.8.

Mzunguko wa dunia unastahili hesabu, kwa sababu hapa ndipo maelezo yaliyoandikwa kwa ajili ya nchi za mbali yanapompoteza mtu wa Mombasa. Kanuni maarufu husema ugawe 500 kwa urefu wa lenzi, baada ya kuuzidisha kwa 1.6 kama kamera ni ya kihisi (kibanzi kinachopokea mwanga) kidogo cha Canon cha APS-C. Kwa lenzi ya milimita 50 jibu ni sekunde 6 na kidogo. Kwa milimita 18 ni sekunde 17. Sasa chukua kamera ya megapikseli 18 yenye pikseli za mikroni 4.3. Kwa lenzi ya milimita 50 kila pikseli yake hufunika takriban sekunde 18 za tao (kipimo cha pembe; uzi mmoja una sekunde 3600 za tao), na nyota iliyo juu ya ikweta ya anga (mstari wa angani ulio juu ya ikweta ya dunia) husogea sekunde 15 za tao katika kila sekunde ya saa. Katika sekunde 6 nyota hiyo imepita pikseli tano, na hicho tayari ni kistari ambacho jicho litakiona. Kanuni ya 500 ilifaa enzi za filamu na picha ndogo za karatasi. Kwa kihisi cha leo, anza na nusu yake: sekunde 3 kwa milimita 50, sekunde 8 kwa milimita 18.

Mombasa iko nyuzi 4 kusini ya ikweta, hivyo ikweta ya anga hupita karibu kabisa na utosi. Maana yake ni kwamba sehemu kubwa ya anga iliyo juu ya kichwa chako, ukiwamo mkanda wa Jabari wakati wa kaskazi, husogea kwa kasi ya juu kabisa ambayo nyota zinaweza kuwa nayo. Anayepiga picha akiwa Ulaya ya kaskazini, akielekea sehemu ya anga iliyo karibu na ncha, ambayo nyota huonekana kuizunguka polepole, hupata nafuu ambayo wewe huipati. Lakini nawe una nafuu yako upande wa kusini. Salibu (Msalaba wa Kusini) iko karibu nyuzi 60 kutoka ikweta ya anga, na huko mwendo ni nusu, kwa hiyo sekunde 3 zinaweza kuwa 6. Wingu Kubwa la Magellan liko karibu nyuzi 69, na mwendo wake ni kama theluthi moja, kwa hiyo unaweza kufika sekunde 8 kwa lenzi ileile ya milimita 50. Kwa anayeanza bila kifuatilizi cha nyota, yaani kifaa kinachoigeuza kamera ifuate nyota, naamini upande wa kusini ndio mahali pazuri zaidi pa kujifunzia, ingawa wengi huanza na Jabari kwa kuwa wanaijua.

Mtikisiko una vyanzo vichache. Kidole kinachobonyeza kitufe ni cha kwanza, na tiba yake ni kutumia saa ya kuchelewesha ya sekunde 2, au ya sekunde 10 kama tripodi ni nyepesi. Kizuia mtikisiko kilicho ndani ya lenzi kizimwe, kwa sababu kikiwa juu ya tripodi hutafuta mtikisiko usiokuwapo na huishia kuuzalisha chenyewe. Upepo wa kusi huwa mkali ufukweni. Shusha miguu ya tripodi, usiinue nguzo ya kati, na uning'inize mfuko wa mchanga chini yake, mfuko huo ukigusa ardhi kidogo ili usibembee. Mchanga nao hudidimia: weka vipande vya mbao chini ya miguu, na ukae mbali na mchanga mbichi unaopigwa na mawimbi.

Picha za mwanzo ni safi, kisha nyota zinapata duara la ukungu na kufifia

Kwa pwani yetu hii ndiyo dalili inayoharibu usiku mwingi kuliko zote. Kioo cha lenzi kinachoitazama anga tupu hupoteza joto lake kuelekea huko juu, hupoa kuliko hewa iliyokizunguka, na hewa ya Mombasa ina mvuke mwingi kiasi kwamba kioo kikipoa kidogo tu umande unatanda. Unaweza kupoteza saa nzima ya kazi kabla hujagundua.

Wingu jembamba la juu nalo hutoa duara la ukungu kuzunguka nyota, kwa hiyo pambanua. Mulika kioo kwa tochi hafifu kutoka ubavuni. Kikiwa na utando, ni umande. Kikiwa safi, tatizo liko angani na la kufanya ni kusubiri. Kikiwa na utando unaonata, usioondoka hata kwa joto, ni chumvi ya mawimbi.

Umande huzuiwa; ukishatanda umechelewa. Njia ya uhakika zaidi ni mkanda wa kupasha joto unaotumia umeme wa volti 5 wa pawabanki, unaofungwa kuzunguka lenzi karibu na kioo cha mbele. Asiyekuwa nao anaweza kutumia feni ndogo ya USB inayopuliza hewa mbele ya kioo bila kuigusa tripodi, au soksi iliyojazwa mchele mkavu na kupashwa moto, ikafungwa kwenye pipa la lenzi na kubadilishwa inapopoa. Kofia ya lenzi pia husaidia kwa kukipunguzia kioo eneo la anga kinaloliona; kama lenzi yako haina, bomba la karatasi ngumu nyeusi linatosha. Usifute umande kwa kanga wala kwa shati, maana punje za chumvi na mchanga zilizo juu ya kioo zitakikwaruza. Chumvi yenyewe huondolewa nyumbani: kwanza puliza vumbi kwa pampu ya mpira, kisha tumia kitambaa cha lenzi kilicholoweshwa kidogo kwa maji yaliyochujwa kwa mvuke au kwa dawa ya kusafishia lenzi.

Kama ukungu umetokea dakika ile ile ulipotoa kamera nje, chanzo ni kiyoyozi. Kamera baridi ikikutana na hewa ya joto yenye unyevu, mvuke hugeuka matone ya maji juu yake na pengine ndani yake, hata juu ya kihisi, na huko hakuna kitambaa kitakachofika. Ifunge kamera ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha hewa ukiwa bado chumbani, toka nayo nje, iache humo kwa muda wa saa moja hivi ipate joto la nje, ndipo uifungue.

Picha zina utusitusi hata usiku mkavu, na taa hutawanya mwanga mkubwa

Shuku kuvu ndani ya lenzi. Fungua tundu lote, mulika tochi kutoka nyuma na utazame kwa mbele. Nyuzi zinazofanana na utando wa buibui ndizo hizo. Ukaguzi huu ufanye dukani, kabla ya kulipia lenzi yoyote ya mtumba iliyokaa pwani. Kuvu ikishakula mipako ya kioo haiondoki kwa bei ambayo lenzi nafuu inastahili, na hapo ni afadhali kutafuta nyingine.

Lenzi uliyonayo usiiweke kabatini na nguo, wala ndani ya mfuko wa ngozi. Iweke kwenye chombo cha plastiki cha chakula chenye mfuniko unaobana, pamoja na vifuko vya silika jeli, na kipimo kidogo cha unyevu kionyeshe kati ya asilimia 40 na 50. Silika ya rangi ikibadilika imekwisha kushiba maji. Ipashe joto katika ovena ya moto mdogo hadi rangi yake irudi, kisha itumie tena. Mchele mkavu ambao watu huusifu kwa kazi hii hauvuti unyevu wa kutosha na huacha vumbi lake kwenye pete za lenzi.

Anga limetoka la rangi ya chungwa au la kijivu, na nyota ni chache

Huu ni mwanga wa taa, wa mwezi, au wa jua lisilozama vya kutosha, na unaweza kuvitenganisha bila kifaa chochote. Piga picha nne, kila moja ikielekea upande wake, kwa mipangilio ileile. Upande mmoja ukiwa mweupe kuliko mingine, ni taa. Zote zikiwa nyeupe sawasawa, tazama mwezi na saa.

Kuhusu saa, karibu na ikweta jua huzama kwa kushuka karibu wima na giza huingia mapema. Kwa mwaka mzima, giza kamili huwa limeshuka baada ya saa moja na dakika kumi hivi tangu jua kuzama, muda usio mbali na adhana ya Isha. Anayeanza kabla ya hapo atapata anga la buluu iliyofifia hata akiwa jangwani.

Kuhusu mwezi, kalenda ya Kiislamu iliyotundikwa ukutani ndiyo ratiba bora ya mpiga picha wa nyota. Kuanzia usiku wa 25 hivi hadi siku za mwanzo za mwandamo unaofuata, giza ni lako karibu usiku kucha. Kati ya tarehe 13 na 16 hakuna cha kufanya isipokuwa kupiga picha za mwezi wenyewe. Ikumbukwe kwamba usiku wa giza ndio pia wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida; kabla ya kusimamisha tripodi ufukweni, tazama jedwali la maji, usije ukazingirwa ukiwa umeinamia kamera.

Kuhusu taa, pwani hii ina fursa moja kubwa, nayo ni bahari upande wa mashariki. Ukisimama ufukweni Nyali au Shanzu ukaupa mji mgongo, mbele yako hakuna barabara wala nyumba, wakati taa za bandari ya Kilindini na za Changamwe ziko nyuma yako. Kitovu cha Njia Nyeupe, kilicho katika kundinyota la Mshale, huchomoza mashariki-kusini-mashariki, yaani juu ya bahari. Mwezi Machi huchomoza usiku wa manane ukishapita na huonekana vizuri kabla ya alfajiri. Mwezi Mei huchomoza mapema baada ya kuchwa, lakini huo ni mwezi wa mvua kubwa. Juni na Julai mvua zikiwa zimepungua kinakuwa tayari kimepanda giza linapoingia au muda mfupi baadaye, na hufika juu nyuzi 65 hivi kutoka upeo wa kusini. Kufikia Oktoba kinashuka jioni upande wa kusini-magharibi, na ukiwa Nyali huko ndiko mjini. Kwa hiyo picha ileile inayotoka vizuri Juni inaweza kushindikana Oktoba mahali palepale, na kamera haina kosa lolote. Mawingu ya kusi huja vipande vipande kutoka baharini. Usifungashe vitu kwa sababu ya wingu moja.

Tazama pia histogramu, yaani grafu ya mwanga wa picha ambayo kushoto ni giza na kulia ni weupe. Kilima cha anga kinapaswa kukaa kati ya robo na theluthi kutoka kushoto. Kikifika katikati, taa zimeshinda: punguza muda au ISO, kisha ongeza idadi ya picha. Siril, programu ya kompyuta ya kuchakata picha za nyota, ina sehemu ya kuondoa mteremko wa mwanga wa nyuma, na inafanya kazi nzuri kuliko wengi wanavyotarajia. Vichujio vya kuzuia mwanga wa mji sikushauri uvinunue mwanzoni. Vilisaidia zaidi enzi za taa za sodiamu, ambazo mwanga wake umejikusanya karibu na nanomita 589. Taa nyeupe za LED hutoa rangi karibu zote, na kichujio kinachozikata hukata nyota pamoja nazo. Nauli ya kwenda mahali penye giza ina faida kubwa kuliko kichujio. Vilima vya Kwale viko karibu, na treni ya SGR inayosimama vituo vya kati hufika Voi, umbali wa kilomita 150 hivi, ambako hewa ni kavu kuliko ya pwani na taa ni chache.

Usiende peke yako ufukweni usiku. Waarifu walinzi wa majengo ya karibu kabla ya kutoa vifaa, kwa kuwa mtu aliyeinama gizani na kamera hutiliwa shaka kwa haki. Maeneo ya bandari, kivuko cha Likoni na kambi ya jeshi la majini la Mtongwe yasielekezwe kamera kabisa.

Picha ina chenga nyingi

Chenga, yaani punjepunje zilizotapakaa pichani, hazitokani na ISO kubwa kama inavyosemwa. Zinatokana na mwanga kidogo uliokusanywa. Tiba ni kuunganisha picha nyingi. Ubora hupanda kwa kipeuo cha pili cha idadi ya picha: picha 16 hupunguza chenga mara 4, picha 64 mara 8, na picha 100 za sekunde 3, ambazo ni dakika 5 tu za mwanga, hupunguza mara 10. Ndiyo maana sekunde 3 zisikukatishe tamaa.

Joto letu huongeza tatizo la pili, yaani nukta za rangi zinazokaa mahali palepale katika kila picha. Nukta hizo huondolewa kwa picha za giza: funika lenzi na upige picha 20 hivi kwa ISO ileile na muda uleule. Zipigwe palepale nje, mwisho wa kazi. Ukizipiga kesho yake katika chumba chenye kiyoyozi, kihisi kitakuwa na joto tofauti na hazitalingana. Kama baada ya kuunganisha unaona michirizi ya rangi inayoteleza upande mmoja, ni kwamba nyota zilikuwa zikihama polepole juu ya kihisi na chenga za kudumu zikaburutwa. Kila baada ya picha kumi au kumi na tano isogeze fremu kidogo bila mpangilio, na michirizi itatawanyika.

Programu inakataa kuunganisha

Sequator na DeepSkyStacker hutumika kwenye Windows, na Siril kwenye Windows, Linux na Mac. Zote ni za bure. Zikisema hazioni nyota za kutosha, kwa kawaida sababu ni fokasi mbovu, wingu katika baadhi ya picha, au minazi iliyochukua nusu ya fremu ikadhaniwa kuwa nyota kila upenyo wa majani unapong'aa. Ondoa picha mbovu kwa macho yako kwanza. Kwa picha yenye minazi, Sequator inakuruhusu kuchora eneo la anga peke yake na kuiacha ardhi ikiwa imetulia.

Simu inatoa anga laini lisilo na nyota

Programu ya simu husafisha chenga, na nyota ndogo huondoka pamoja nazo. Tumia hali ya kitaalamu, kamera kuu badala ya ile pana, hifadhi DNG (faili ghafi za simu), weka sekunde 10 na ISO kati ya 800 na 1600, na simu ishikwe na kishikilizi imara huku saa ya kuchelewesha ikiwa imewashwa. Kisha unganisha picha hizo kama za kamera nyingine yoyote.

Mwezi ni duara jeupe tupu. Sayari ni nukta

Mwezi mpevu unaangazwa na jua moja kwa moja, kwa hiyo anza na f/11, ISO 100 na sehemu ya 1/100 ya sekunde. Mshtarii (Jupita) hata ukiwa karibu nasi una upana wa sekunde 50 tu za tao, yaani pikseli zisizofika tatu kwa lenzi ya milimita 50. Hakuna mpangilio utakaobadilisha hilo bila darubini. Lenzi ya milimita 250 hata hivyo itakuonyesha miezi yake minne, ile aliyoiona Galileo mwaka 1610.

Kifuatilizi cha mbao hakifuati nyota

Atakayetaka kupita sekunde chache anaweza kumwomba fundi seremala amtengenezee kifuatilizi cha mbao mbili zilizoungwa kwa bawaba, kamera ikikaa juu ya ubao unaosukumwa na bolti, aina iliyoenezwa na George Haig wa Uskoti katika miaka ya 1970. Kwa bolti ya M6 yenye hatua (umbali kati ya jino na jino) ya milimita 1, umbali kutoka katikati ya pini ya bawaba hadi katikati ya bolti uwe milimita 228.5, na bolti izungushwe mzunguko mmoja kwa dakika, au robo mzunguko kila sekunde 15.

Vistari vikiwa virefu maradufu kuliko bila kifuatilizi, kinazunguka kinyume: mbao zifuate nyota kutoka mashariki kwenda magharibi. Vikiwa vifupi lakini vya mashariki na magharibi, kasi si sahihi, na kipimo cha milimita 228.5 ndicho cha kukaguliwa. Vikielekea kaskazini na kusini, mhimili wa bawaba haujaelekezwa vizuri, na hapa maelekezo ya kutumia Kutubu, nyota ya ncha ya kaskazini, hayakufai, kwa sababu nyota hiyo iko chini ya upeo wa Mombasa. Ncha ya kusini ya anga iko nyuzi 4 tu juu ya upeo, hivyo bawaba hulala karibu tambarare: isawazishe kwa pima maji, kisha inua upande wa kusini, ambao kwa ubao wa sentimita 30 ni kiasi cha sentimita 2. Kusini itafute kwa dira iliyowekwa mbali na bolti na vyuma, au kwa Salibu: ikiwa imesimama wima, kama inavyokuwa saa tatu hivi usiku katikati ya Mei, kusini iko moja kwa moja chini yake. Kwa lenzi ya milimita 50 na dakika moja ya kufungua shata, kosa la nyuzi 2 katika mwelekeo huhamisha nyota pikseli zisizofika mbili, kwa hiyo usipoteze usiku ukitafuta usahihi mkubwa kuliko huo; ukitaka dakika mbili, lipunguze kosa hadi uzi mmoja.